Kipanga na Pampu Tatu

Walisimama watatu mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya watoto, na mwenye maziwa ndiye ambaye hakuwa amesema neno.

Mumewe alishika boksi la pampu ya umeme, ile yenye mota na mirija miwili ya mpira, akaligeuzageuza kama mtu anayekagua injini ya gari kabla ya kulinunua. Mama mkwe alikumbatia mkoba wake na kuitazama mashine hiyo kwa jicho la pembeni. Yeye mwenye maziwa alikuwa katikati yao, mtoto amemlalia begani, shingo imeanza kufa ganzi.

"Hii inakamua pande zote mbili kwa mpigo," alisema mume. "Unakaa kidogo, umemaliza, umerudi kazini."

"Mashine ya kukamulia ng'ombe," alisema mama mkwe.

"Mama, siku hizi ndivyo."

"Sijasema siyo. Nimesema ni ya ng'ombe."

Muuzaji, binti mwenye subira, alitoa nyingine mbili akaziweka juu ya kioo. Moja ilikuwa pampu ya mkono: kichupa, faneli ya kuweka kwenye chuchu, na mpini wa kubana na kuachia. Ya pili ilikuwa ya betri, mviringo kama nusu ya tikiti dogo, ya kuvaliwa ndani ya sidiria.

"Hii mama anavaa tu, anaendelea na shughuli zake," binti alieleza. "Haina waya, haionekani. Ila asiiname sana, maziwa yatamwagika."

"Mimi nashinda nimeinama," alisema mwenye maziwa. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

"Kwani unafanya kazi gani, mama?"

"Naendesha kreni."

Binti alimtazama juu mpaka chini, akatabasamu kama aliyetaniwa, kisha akaona hakuna anayecheka. Alikuwa karibu kuuliza jambo jingine, pengine jambo la maana, lakini nyuma ya rafu za nepi mtoto wa mtu mwingine alianza kulia. Hakikuwa kilio kikubwa. Kilitosha. Mwenye maziwa alihisi maziwa yakishuka yenyewe, ya moto, yakapita kwenye pamba, yakapita kwenye sidiria, yakachora madoa mawili kwenye blauzi mbele ya mumewe, mkwewe, binti wa duka na mlinzi aliyekaa mlangoni. Akavuta mtandio haraka.

"Chukueni yoyote," alisema. "Twendeni."

Ndivyo pampu ya umeme ilivyochaguliwa. Mume aliibeba mwenyewe hadi nyumbani, kwapani, akimwambia kila jirani aliyemsalimia kwamba mke wake sasa matatizo yamekwisha.

Kazini mwenye maziwa aliitwa Kipanga. Jina alilipewa na wafunga nondo siku ya kwanza alipopanda ngazi ya kreni bila kupumzika katikati, akakaa kwenye kibanda cha kioo kule juu na kuanza kuwachungulia wote kama ndege anayetafuta kifaranga. Lilianza kwa utani, likabaki kwa heshima. Kwenye saiti hiyo hakukuwa na mtu mwingine aliyeweza kushusha ndoo ya zege iliyojaa katikati ya watu na kuisimamisha kimya kimya. Dereva mwingine aliyewahi kuendesha kreni hiyo alikuwa amehamia kazi nyingine wakati Kipanga anajifungua, na kreni ilikaa bila kazi mpaka msimamizi akaanza kumpigia simu kabla hata kitovu cha mtoto hakijadondoka vizuri.

Alipenda kazi ile. Hilo hakumwambia mtu, kwa sababu nyumbani kila mmoja alikuwa ameshaamua anachotaka yeye. Mume alitaka aendelee, maana walikuwa wamehamia nyumba yenye vyumba viwili na mshahara mmoja ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi. Mama mkwe, aliyekuja kulea mjukuu na kulala naye chumba cha pili, alitaka aache. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa kumbeba mtoto mlangoni kila asubuhi na kumpungia mkono wake mdogo. "Mwambie mama kwaheri. Mama anakwenda kukaa na mawingu."

Kutoka ardhini hadi kwenye kibanda ilikuwa ngazi baada ya ngazi, ndani ya nguzo ya chuma. Kushuka na kupanda tena kulikula muda, na muda ule wote chini watu walisimama wakiangalia saa zao. Kwa hiyo msimamizi alimwekea sharti: atashuka mchana tu. Atakamua mchana, atakula mchana, atakwenda msalani mchana. Hata kabla ya mtoto ilikuwa hivyo, na aliizoea kwa kutokunywa maji asubuhi. Lakini mama anayenyonyesha asipokunywa maji, maziwa nayo yanamgomea.

Soketi ya pekee iliyokuwa wazi ilikuwa kwenye chumba cha stoo, nyuma ya mlango, chini ya misumari iliyotundikwa kofia ngumu. Kipanga alikaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mgongo umebana mlango usifunguke, akaunganisha mirija, akawasha. Mota ilinguruma na kupumua, ikanguruma na kupumua. Kila baada ya muda mfupi mtu aligonga.

"Nani humo?"

"Mimi."

"Aa, Kipanga. Nipe mkasi wa nondo hapo kwenye kona."

"Sipo vizuri."

"Nipitishie tu kwa chini."

Na maziwa hayakutoka. Mashine ilivuta, chuchu ilivutika mpaka ikajaa faneli yote na kusugua pembeni, ikauma kama inang'olewa, na chini ya chupa yakakusanyika maziwa ya kufunika kitako tu. Aliongeza nguvu ya mashine. Akaumia zaidi, yakatoka yale yale. Alijua mwili wake una maziwa. Aliyahisi yamejaa mpaka kwapani. Lakini mwili ulikuwa unasikiliza mlango.

Jioni mama mkwe aliinua chupa kwenye taa.

"Ndiyo haya tu?"

"Ndiyo hayo, mama."

"Kutwa nzima."

Mume, akiwa anavua viatu, alisema, "Labda huitumii sawasawa. Umesoma maelekezo?" Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomziba mdomo. Mtu amekununulia kitu cha gharama kuliko kiatu chake mwenyewe. Utamwambiaje kwamba kinakutesa? Alichukua mtoto, akaenda kumnyonyesha chumbani, na mtoto, aliyeshinda na uji mwepesi wa maziwa ya kopo, alinyonya kidogo, akageuza uso, akalia kwa hasira. Akamgeuzia upande wa pili. Kutoka sebuleni alisikia mtu akipunguza sauti ya televisheni ili asikilize.

Ikaja wiki ya kumwaga zege ya ghorofa mpya. Zege ikianza kumwagwa haisimami. Ikikauka nusu, sakafu nzima ina ufa. Msimamizi alimwita kando asubuhi, kofia ameishika mkononi kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Leo mchana hakuna kushuka, dada yangu. Nakuomba. Leo tu."

"Na maziwa yangu?"

Alitazama chini. "Shemeji yangu ana ile pampu ya kuvaa. Anafanya kazi huku inajikamua yenyewe. Ukinunua ile, mimi na wewe tutakuwa tumemaliza maneno."

Kipanga alipanda. Asubuhi ilikwenda vizuri. Alishusha ndoo, akainua ndoo, akisikiliza redioni sauti ya mpiga ishara, mzee aliyesimama ukingoni mwa sakafu na kumwongoza kwa maneno machache: kulia, taratibu, shusha, simama. Kufikia saa sita matiti yalikuwa yamejaa. Kufikia saa saba yalikuwa magumu kama mawe, na kila alipoinama kutazama ndoano kupitia kioo cha sakafu, uzito wake wenyewe ulimkandamiza. Akaanza kuendesha amejiegemeza upande, kama mtu mwenye jino bovu.

Ndipo upepo ulipokuja. Uliinua vumbi lote la saiti, ukapeperusha mifuko ya saruji, ukafika juu ukiwa mkali kuliko chini. Kengele ya kipimo cha upepo ililia kibandani. Kipanga alifanya alichofundishwa: akatua mzigo, akapandisha ndoano tupu, akaachia breki ya kuzungukia ili mkono wa kreni ufuate upepo unakoelekea badala ya kushindana nao. Kisha akaokota mkoba wake ashuke.

"Kipanga, usishuke," redio ilisema. Ilikuwa sauti ya msimamizi. "Ngazi ni hatari sasa hivi. Baki humo humo mpaka utulie."

"Utatulia saa ngapi?"

"Nitajuaje mimi?"

Akarudi kukaa. Kibanda kiliyumba. Mkono wa kreni ulizunguka polepole, wenyewe, na yeye akazunguka nao: majengo yakapita mbele ya kioo, paa za bati, barabara, mnara wa maji, kisha jengo la ofisi la upande wa pili, madirisha yake sawasawa na uso wake, na watu ndani wameshika vikombe wakimtazama yeye. Vioo mbele, vioo pembeni, kioo chini ya miguu. Hapakuwa na mahali pa kujificha penye upana wa mkono. Pampu ya umeme ilikuwa kule chini stoo, na humu hamkuwa na pa kuichomeka. Maumivu yalikuwa yameshapanda hadi shingoni. Alijikunja, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kreni akahisi hawezi kupumua. Akatamani kuvunja kioo.

Badala yake akabonyeza kitufe cha redio. Alijua kila mwenye redio saiti nzima angesikia.

"Nimejaa maziwa," alisema. "Nina mtoto mchanga nyumbani. Nimejaa, naumia, na siwezi kukaa hivi."

Hata wale wafunga nondo waliozoea kupiga domo kwenye masafa yale hawakutia neno. Kisha ikaja sauti ya mpiga ishara, ileile ya kulia-taratibu-shusha.

"Kamua, binti yangu. Kwa mkono. Kreni inazunguka, hakuna dirisha litakalokutazama kwa muda mrefu."

Mtu mmoja alianza kucheka redioni, akanyamazishwa.

Alimwaga chai iliyobaki kwenye kikombe cha chupa yake ya chai, akageukia kona ya kiti, akafungua vifungo. Nesi wa wodi alikuwa amemwonyesha siku alipojifungua: vidole nyuma ya weusi wa chuchu, bonyeza kuelekea kifuani, kisha mbele. Mwanzoni hakikutoka kitu. Akafikiria kichwa cha mtoto, harufu ya utosi wake. Tone likatoka, kisha mchirizi, ukagonga kikombe. Kibanda kikayumba na nusu ya maziwa ikamwagika gotini. Hakuacha. Madirisha ya ofisi yalikuja yakapita, yakaja tena yakapita. Titi la kulia lililegea. La kushoto liligoma. Upande wa nje kulikuwa na uvimbe mkubwa usiotaka kusogea.

Alishuka jioni upepo ulipolala. Wanaume walimpisha njia, macho yameelekea viatu vyao. Usiku ule homa ilimpanda mpaka meno yakagongana.

Kliniki alihudumiwa na nesi mnene mwenye mikono ya moto. Alimpa dawa, akamkanda uvimbe kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu mpaka machozi yakamtoka, kisha akamuuliza anakamua kwa kutumia nini. Kipanga akaitoa pampu kwenye mkoba. Nesi alichukua faneli, akaiweka karibu na chuchu bila hata kuigusisha, akatikisa kichwa.

"Hii ni kubwa kwako. Inavuta nyama yote badala ya chuchu peke yake. Ndiyo maana inakuchubua na haitoi kitu. Nani alikuchagulia?"

"Mume wangu. Na mama mkwe alikuwepo."

"Na wewe?"

"Nilikuwepo pia."

Nesi alicheka kidogo, Kipanga naye akacheka ingawa kifua kilimuuma. Nesi akaenda kabatini akarudi na faneli za vipimo mbalimbali na pampu ya mkono ya kufundishia. Ya kwanza ilibana. Ya pili ilikaa, chuchu ikiingia na kutoka bila kugusa kuta. Kipanga akabana mpini, akaachia, akabana. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga mwendo: haraka haraka mwanzoni kama mtoto anavyoanza, kisha taratibu. Maziwa yakaja.

"Kumbe yapo," alisema.

"Yapo, mama. Yalikuwepo siku zote." Nesi alimwachia muda afute macho. "Ila nikuambie kitu. Pampu nzuri inakamua maziwa. Muda haikamui. Huo itabidi ukaudai mwenyewe kwa bosi wako."

Alikwenda dukani peke yake. Binti wa duka hakumkumbuka, au alijifanya. Kipanga aliomba pampu ya mkono, akataja kipimo cha faneli, akaomba kuona kama mpini unaweza kufunguka wote na kuoshwa, akaubana mara kadhaa kusikia kama unalia. Haukulia.

Hakuthubutu kuionyesha nyumbani. Aliificha ndani ya mkoba wa kazi, chini ya fulana, kama mtu anayeficha pombe. Lakini mama mkwe alichukua zile fulana azifue, akatoka nayo sebuleni, mume yupo, televisheni imewashwa.

"Hii nini?"

"Pampu, mama. Nimenunua nyingine."

Mume alinyanyua kichwa. "Kwa hiyo ile yangu haifai?"

Alikuwa na majibu mengi ya kumlainisha. Alikuwa ameyaandaa njia nzima. Yote yakamwishia.

"Haifai," alisema. "Inaniumiza. Tangu siku ya kwanza inaniumiza, na kazini hakuna pa kuichomeka. Nilishindwa kukwambia."

"Kwa nini ushindwe?"

"Kwa sababu uliibeba kwapani mtaa mzima."

Mume aliinuka. Alikwenda kulichukua lile boksi juu ya kabati, akakaa nalo mapajani, akasoma maelezo upande mmoja hadi mwingine kana kwamba kosa lingekuwa limeandikwa hapo. Hakugomba. Hakuongea naye pia mpaka kesho yake, na duka, alipokwenda kuulizia, halikupokea kitu kilichokwisha kutumika.

Mama mkwe alibaki ameishika pampu ya mkono. Aliubana mpini, akauachia, akausikiliza.

"Mimi nataka uache ile kazi," alisema. "Sikufichi, na sitaacha kutaka. Mtoto anakulilia na mimi ndiye ninayemsikia. Lakini kama unakwenda, basi nenda na kitu kinachofanya kazi." Akamrudishia. "Na hii usiifiche kwenye nguo chafu."

Kwa msimamizi mambo hayakuwa mepesi. Kipanga aliomba kushuka mara mbili kwa zamu, asubuhi na mchana, na chumba chenye kitasa. Msimamizi alikuna kidevu. Alisema kitasa atakipata. Alisema kushuka ni mara moja, ile ile ya mchana, na hiyo haitaguswa tena hata kukiwa na zege. Asubuhi atakamua huko huko juu.

"Basi kreni itasimama ninapokamua."

"Ndiyo nakwambia ile ya kuvaa—"

"Ile inamwagika nikiinama, mkuu. Na hata isingemwagika. Nikiwa na ndoo ya zege juu ya vichwa vya watu, sitaki kukamuliwa. Nikikamua, nakamua. Nikiendesha, naendesha."

Hakukuwa na dereva mwingine, na wote wawili walilijua hilo. Msimamizi alisema, "Usikawie," akaondoka.

Kwa hiyo alipata alichopata. Siyo vyote. Maziwa yalikuwa yameshapungua wakati wa homa na hayakurudi kama zamani. Mtoto aliendelea kuongezewa ya kopo, na mama mkwe aliendelea kumpungia mkono mlangoni. Jengo nalo lilikua, na kreni ikaongezewa vipande vya nguzo, ngazi juu ya ngazi, mpaka madirisha ya ofisi yakabaki chini na kushuka kukawa kurefu zaidi.

Asubuhi moja, kibanda kikiwa mbali na ardhi kuliko kilivyowahi kuwa, Kipanga alipandisha ndoano tupu, akaifunga breki, akabana mtandio kwenye pande mbili za kioo kwa vibanio vya nguo, akatoa pampu. Jua lilimpiga mapajani. Mlango wa kibanda haukufunguka zaidi ya upana wa mtu mmoja, na nje yake hakukuwa na pa kwenda. Alianza kubana na kuachia. Chini, ndoo ya zege ilikuwa imeshajaa, na watu wameinua nyuso.

"Kipanga, tayari?" mpiga ishara aliuliza.

Maziwa ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kushuka. Alibonyeza kitufe kwa kiwiko.

"Bado."

Akasubiri aambiwe kitu. Hakuna aliyesema. Akahamishia pampu titi la kushoto, akaendelea kukamua polepole, huku wale wa chini, wote, wakiwa wamesimama.